Mtoto wa Ulaya Si Bima ya Ukoo

Jumapili moja jioni, katikati ya Novemba mwaka 2024, kijana wangu alinipigia simu ya picha kama ilivyo desturi yake. Anaishi Uholanzi na mkewe na watoto wao wawili; mkubwa alikuwa na miaka minne wakati ule, mdogo alikuwa bado ananyonya. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba, tukaulizana habari za mvua za vuli huku Korogwe na za baridi kule kwao. Kisha akanitajia jambo moja kwa sauti ya mtu anayetaka lipite bila kuulizwa. Alisema mwakani ataifuta bima yao ya ziada, na katika ile bima ya msingi atapandisha hadi mwisho kile kiasi ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe, ili ada ya kila mwezi ishuke.

Nikamwuliza, "Kwa nini, mwanangu?"

Akacheka kidogo. "Baba, mambo ni mengi."

Nimefundisha miaka thelathini na minane, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu wa shule za msingi za Handeni na Korogwe. Nakifahamu kicheko kile. Ndicho anachocheka mtoto ambaye hakula nyumbani, ukimwuliza asubuhi kama amekunywa chai. Na hayo mambo mengi niliyajua pia, kwa kuwa baadhi yake nilikuwa nimeyatuma mimi.

Msomaji anisamehe nikieleza kwanza utaratibu wa kule, maana bila kuujua ugomvi wangu hautaeleweka. Uholanzi sheria inamlazimisha kila anayeishi au kufanya kazi nchini humo awe na bima ya msingi ya afya. Utaratibu wa sasa ulianza mwaka 2006. Bima inauzwa na makampuni, lakini serikali ndiyo inayopanga yaliyomo, na kampuni hairuhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ni mzee au mgonjwa. Mwaka 2025 mtu mzima alikuwa akilipa kama euro 150 au 160 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi laki nne za kwetu. Watoto wa chini ya miaka 18 hawatozwi kitu. Juu ya ada hiyo kuna kitu wanachokiita eigen risico, maana yake hatari yako mwenyewe: mtu mzima akitibiwa hospitali au akiandikiwa dawa, euro 385 za kwanza za mwaka anazitoa mfukoni mwake ndipo bima ianze kulipa. Kiasi hicho hakikubadilika tangu 2016 hadi 2025. Kumwona daktari wa mtaani hakumo katika hesabu hiyo, wala huduma ya mkunga. Tena mtu akipenda anaweza kuiongeza hatari yake kwa hiari, hadi euro 500 zaidi, jumla zikawa 885, na kampuni ikampunguzia ada.

Hiyo ndiyo ya msingi. Ile ya ziada hailazimishwi na mtu. Inashughulikia yaliyoachwa nje: meno ya watu wazima, miwani, mazoezi ya viungo kwa aliyeumia mgongo, waya za kunyoosha meno ya watoto, chanjo na vidonge vya malaria kwa anayesafiri kuja nchi kama yetu. Hapo kampuni ina uhuru. Inaweza kumwuliza mtu habari za afya yake na kumkataa. Kila Novemba bei mpya hutangazwa, na hadi tarehe 31 Desemba mtu ana nafasi ya kuiacha bima yake na kuchukua nyingine. Ndiyo maana habari hizi zilinifikia mwezi ule.

Nilichukua karatasi na kalamu, maana simu ya picha hainitoshi kufikiri. Kwa ile hatari ya hiari, kampuni yake ingempunguzia euro 17 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Wawili ni 34, kwa mwaka 408. Bima ya ziada walikuwa wakilipa euro 22 kila mmoja. Wawili ni 44, kwa mwaka 528. Jumla angeokoa euro 936. Nikazigawa kwa miezi kumi na miwili, nikapata 78.

Nikaitazama ile 78 kwa muda. Niliijua. Ndiyo fedha iliyokuwa ikifika Handeni kila mwezi, kama laki mbili na ushei, ukiondoa makato ya kutumia.

Basi wapo watakaosema kwamba hesabu ya kijana ilikuwa sawa. Mtu wa miaka thelathini na mitatu, mzima wa afya, haendi hospitali mara kwa mara. Miaka mingi ataokoa, mwaka mmoja atapigwa. Nakubali, kwa mtu mwenye euro 885 zimelala benki zikimsubiri augue. Mtu huyo anacheza na fedha yake, na akipoteza halali na njaa. Lakini akiba ya kijana wangu haikuwa benki. Ilikuwa Handeni, imegeuzwa mabati, ada za shule na mifuko ya saruji. Yeye na mkewe wote wawili wakiugua mwaka mmoja, wangelipa euro 1,000 zaidi ili kuokoa 408, na hiyo 1,000 hawakuwa nayo. Mtu asiye na akiba hana haki ya kununua hatari kubwa kwa sababu tu inauzwa rahisi.

Wala hawakuwa wageni wa jambo hilo. Mwaka 2023 hawakuwa na bima ya ziada, na mkamwana wangu, akiwa mjamzito, jino lilimvimba. Kwa mtu mzima bima ya msingi hailipi jino la namna hiyo. Alikaa nalo karibu miezi mitatu, akimeza vidonge vya kutuliza maumivu na kulala upande mmoja. Walipokwenda hatimaye, kulisafisha jino na kulivika kofia kuligharimu karibu euro 900, wakalipa kwa mafungu hadi mtoto akazaliwa. Haya sikuambiwa na kijana wangu. Nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwa mkamwana mwenyewe, tena kwa bahati, tulipokuwa tukizungumzia mambo mengine.

Nikarudi kwenye daftari langu. Katika miezi ile ile mitatu, shilingi laki sita zilitoka kwao kuja kulipia upasuaji wa ngiri wa mdogo wangu wa Handeni. Aliyepiga simu kuziomba ni mimi.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, na wengine wote wenye mtoto Uholanzi, Uingereza, Oman au Marekani. Mdogo wangu ana mke na watoto wanne. Kaya ya watu sita. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kaya ya watu sita ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima, ikatibiwa kuanzia zahanati na kuendelea juu kwa utaratibu wa rufaa. Shilingi 5,000 kwa kichwa. Mwandikishaji alipita kitongojini kwake zaidi ya mara moja. Mdogo wangu hakuwa fukara. Mwaka ule aliuza mahindi na mbuzi wawili. Nilipomwuliza kwa nini hakujiandikisha, alinijibu bila haya, mbele ya watoto wake, "Kwani kijana wetu yuko Ulaya anafanya nini?"

Jibu hilo ndilo linaloniandikisha kurasa hizi. Tazama lilivyokaa. Huku nyumbani mtu anakataa kutoa elfu thelathini kwa kuwa ana bima yake ya ziada, nayo ni kijana wa watu. Kule ng'ambo kijana huyo anafuta bima yake ya ziada ili awe bima ya mtu aliyekataa bima. Na bima hii ya damu haina mkataba. Haina kikomo cha malipo, haina masharti, haimkatai mtu, na haisubiri ada. Kampuni yoyote ingefilisika kwa utaratibu huo kabla ya mwaka kuisha. Sisi tunamtarajia mtu mmoja mwenye watoto wawili aumudu.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa. Kwenye kikao cha ukoo, mwezi wa Mei mwaka 2025, karibu na Sindeni, mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, unataka kutuletea ubinafsi wa Kizungu." Nilimheshimu kwa umri wake, lakini hapa nitamjibu kwa urefu.

Kwanza, bima si ubinafsi. Ni mchango. Tofauti yake na mchango wetu ni kwamba hutolewa kabla mtu hajaugua, na hutolewa na kila mmoja. Wazungu wenyewe hawakuzaliwa nayo. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, mfanyakazi akitoa theluthi mbili ya mchango na mwajiri theluthi moja. Waholanzi walilazimishwa kuwa na mfuko wa namna hiyo mwaka 1941, nchi yao ikiwa imekaliwa na Wajerumani haohao. Vita vilipokwisha waliwafukuza wenyewe na mfuko wakabaki nao. (Sisi Wajerumani walituletea mkonge mwaka 1893 na reli iliyofika Korogwe mwaka 1902. Sheria yao ya 1883 waliiacha kwao.)

Pili, mzee yule alitaja ujamaa. Mimi niliuishi ujamaa, niliufundisha darasani, na sikuuona ukiwa hivi. Katika shamba la kijiji kila mtu alikuja na jembe lake. Kulikuwa na wavivu, sikatai, lakini hata mvivu alikuja na jembe, akaliegemea. Hatukupata kukaa kijiji kizima chini ya mwembe tukimtazama mtu mmoja analima, halafu tukamlaumu kwamba mistari yake haikunyooka.

Wala sisemi kwamba watu wetu ni wabaya. Sisi wa umri wangu tulizoeshwa matibabu ya bure. Ulikwenda zahanati na daftari lako, ukaandikiwa dawa, ukarudi. Mwaka 1993 tukaanza kuambiwa kuchangia gharama, tukaona tumenyang'anywa kitu. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutukata asilimia 3 ya mshahara, sisi watumishi wa serikali, na mwajiri kuongeza asilimia 3, ofisi yetu ya walimu iliwaka moto. Nakiri kwamba mkuni wa kwanza niliuweka mimi. Nilisema mbele ya walimu wenzangu kwamba mimi na mke wangu hatuumwi, na fedha yetu inawatibu watu wa mijini. Miaka mitano baadaye mke wangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akalala siku kumi na moja, nami nikatoka pale na kadi yangu mfukoni bila kuuza hata kuku. Sikuwarudia walimu wale kuwaambia nilikosea. Naandika hapa, ingawa baadhi yao wamekwisha kutangulia.

Wapo pia wasemao kwamba kulipia ugonjwa ambao haujaja ni uchuro, ni kuuita. Hao sitakaa nao muda mrefu. Watu haohao wamo katika vyama vya kufa na kuzikana, wanatoa ada kila mwezi wakiwa hai, na kifo hakijawafuata kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo palipo aibu yetu kubwa zaidi. Mtanzania akifa ng'ambo, simu zetu hujaa. Bakuli hupitishwa Amsterdam, London na Muscat, huku nyumbani kamati huundwa, na jeneza hufika kwa ndege, nasi tunajisifu kwamba tumeshikamana. Sipingi. Lakini sijapata kuona kamati ya kung'oa jino la mtu aliye hai. Mkamwana wangu angekufa, ukoo mzima ungechanga. Aliumwa jino akiwa na mimba, na ukoo ukampelekea bili ya ngiri.

Mwaka 2022 nilipokwenda kuwatembelea, ubalozi ulitaka niwe na bima ya safari ya angalau euro 30,000, la sivyo viza sipati. Ndiyo sheria ya nchi zile zote za Schengen. Kijana wangu ndiye aliyeilipia. Basi mzee wa Manundu nilitembea mitaa ya Uholanzi miezi miwili nikiwa nimekingwa kwa mamilioni ya shilingi, nikipita pembeni ya kijana aliyekuwa hawezi kutengeneza miwani yake. Alikuwa ameifunga mkono kwa gundi. Niliiona, nikadhani ni mtindo wa vijana.

Basi nilimwambia nini jioni ile ya Novemba? Sikumwambia anunue kila kilichomo dukani. Wauza bima nao wana maneno matamu, na bima ya ziada si kitu kitakatifu. Nyingi ni kulipa kidogo kidogo kile ambacho ungelipa kwa mara moja. Kifurushi cha meno chenye kikomo cha euro 250 kwa mwaka, ukikilipia euro 14 kwa mwezi, umekwisha toa 168. Kwa mtu mwenye meno mazima huo ni mchezo wa kubadilishana noti. Nilimwambia tufanye kama tulivyokuwa tukifanya tukipanga fedha za shule: andika majina ya watu, mbele ya kila jina andika unachokijua, wala usiandike unachokiogopa.

Watoto ni wawili. Meno yao ya kawaida yamo katika bima ya msingi hadi wafikishe miaka 18, bila kulipa ile hatari ya mwenyewe. Waya za meno bado zina miaka. Kwa hiyo kwa watoto hakuna cha kununua sasa. Yeye mwenyewe ana meno ya babu yake, hajaingia kwa daktari wa meno ila kukaguliwa. Hana haja ya kifurushi, ila miwani, nayo ni rahisi kuiwekea akiba. Mkewe meno yanamsumbua, hilo tunalijua. Huyo achukue kifurushi cha meno, tena akichukue kabla kampuni haijaanza kuuliza maswali mengi. Na wote wanne walikuwa wamepanga kuja nyumbani Julai. Chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini pamoja na vidonge vya malaria kwa watu wanne si fedha ndogo, na bima ya msingi haivilipii safari za namna hiyo. Kuna vifurushi vidogo vinavyolipia. Mtu akiugua ghafla huku, bima yao ya msingi hulipa hadi kiwango cha bei ya Uholanzi, na bei ya hospitali zetu haifiki huko. Isicholipa ni kumrudisha mgonjwa kwa ndege, wala maiti. Hilo ni la bima ya safari, na ada yake ni ndogo.

Juu ya yote, hatari ibaki 385. Hiyo nilimwambia kama baba, si kama mshauri.

Akanyamaza. Kisha akauliza swali lililokuwa limesimama mlangoni tangu mwanzo: "Na nyumbani, baba?"

Alipofika mahali hapo hapakuwa na hesabu ya kunisaidia. Nilimwambia, "Nyumbani niachie mimi." Ni maneno mepesi kuyasema. Nimeyasema maishani mara nyingi bila kuyatimiza.

Ndipo nikaenda Mei ile, wakati barabara za vijijini zimelegea kwa masika, nikasimama mbele ya kikao na daftari. Nilisoma kila fedha iliyotoka Uholanzi kwa miaka mitatu, tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. La kwanza kulisoma lilikuwa la kwangu. Nilisoma na habari ya jino. Kisha nikasema kwamba kijana wangu ataendelea kutoa, maana ni mtoto wao na anawapenda, lakini atatoa kwa jambo moja: kaya yoyote ya ukoo itakayojiandikisha bima ya afya, kwa utaratibu wowote wa serikali utakaokuwepo, atairudishia nusu ya ada kila mwaka. (Bunge lilikwisha pitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na taratibu zilikuwa zikibadilika, nilitaka ahadi isitegemee jina la mfuko.) Kaya isiyojiandikisha isimpigie simu. Ikinipigia mimi, nitauza changu.

Kulikuwa na kelele. Dada yangu mkubwa, ambaye hajasoma zaidi ya darasa la nne, alisimama akafungua upindo wa khanga yake, akaweka noti ya elfu kumi mezani na kuuliza ni nani anayeandika majina. Wengine saba waliandikishwa siku ile. Wengine waliondoka kabla ya chakula. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nilishangiliwa.

Sina hakika kama nilifanya vyema kulisoma jina la mdogo wangu hadharani. Mke wangu anasema ningemwita pembeni. Pengine ni mazoea ya gwaride la asubuhi, ambako mwalimu mkuu husema makosa mbele ya shule nzima na kudhani amefundisha. Lakini nilikwisha mwita pembeni mara mbili, na mara zote mbili alinichekea.

Kijana alinitumia picha ya fomu yake tarehe 28 Desemba, siku tatu kabla ya mwisho: hatari 385, meno ya mkewe, kifurushi cha chanjo. Julai wakaja. Wiki tatu nilimtazama mjukuu wangu mkubwa akimeza kidonge chake cha malaria kila asubuhi kwa kijiko cha uji, akikunja uso, na mama yake akicheka kwa mdomo wote. Tulikwenda Handeni siku mbili, wakapokelewa kwa ngoma. Mdogo wangu hakufika kuwasalimia. Alituma kuku mmoja, na mtoto aliyemleta hakuwa ameagizwa neno.